Anasoma Patasi, Hasomi Msamaha

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili usihangaike kumtafuta, maana karakana yetu haikosi wajinga na ungeweza kumshuku mtu asiye na hatia. Tulikuwa mafundi kumi na mmoja, meneja, na shemeji yangu ambaye upande mmoja wa mwili ulikuwa bado umelala. Kati ya wote hao, aliyepungukiwa ni mimi, niliyekuwa mzima toka unywele hadi ukucha.

Tunatengeneza milango, vitanda, madawati, na majeneza yanapohitajika. Mwisho kabisa wa karakana, nyuma ya wavu wa chuma, iko stoo. Ina dirisha dogo lenye kibao ambacho viwiko vya watu vimekilainisha kuliko msasa. Hapo hautoki hata msumari mmoja bila kikaratasi. Unaandika kitu na idadi, basi. "Bawaba 6." "Msasa 2." Ukiongeza salamu unaambiwa salamu peleka kwenu. Sheria hiyo aliiweka mtunza stoo, mume wa dada yangu, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyeivunja, hata meneja.

Mimi na yeye tulikuwa watani. Ndiye aliyenipachika jina la Kasuku, kwa sababu naiga sauti ya mtu yeyote. Nimemwiga meneja akikohoa kabla ya kukataa ruhusa. Nimeiga mashine ya randa ikikutana na fundo la mbao. Dunia ilinipiga mapema: nimefukuzwa kazi mbili, nimelala kwenye baraza za watu, na somo nililotoka nalo ni kwamba mtu anayecheka hakupigi haraka. Basi nikawa mchekeshaji, kama wengine wanavyookoka.

Kisha shemeji akapatwa na kiharusi. Alianguka akiwa anahesabu vitasa. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa mzito, na maneno yakamtoka kichwani kama skrubu kwenye mfuko uliotoboka. Alilazwa wiki sita. Aliporudi nyumbani, mafundi wakawa wananiuliza kila siku: Bwana Stoo anaendeleaje?

Siku moja wakati wa chai nikawajibu kwa njia yangu. Nikavuta mdomo upande mmoja, nikalegeza mkono, nikaanza kuomba chai: "Ch... chhh... cha..." Nikafanya neno hilo moja lichukue muda wa kuchemsha hiyo chai yenyewe. Wakacheka hadi mmoja akamwaga kikombe. Nikakolea. Nikaongeza mate kidogo kwenye kona ya mdomo.

Ghafla kicheko kikakatika kama umeme. Nikageuka. Shemeji alikuwa mlangoni, ameshikiliwa mkono na dada. Alikuwa amekuja kutusalimu, mara yake ya kwanza kutoka nje. Amevaa shati lake la kupigia picha.

Dada hakusema kitu, na dada yangu akinyamaza ni afadhali akupige. Wakageuka, wakaondoka taratibu, mguu ule mzito ukiburura maranda sakafuni. Wahenga walishasema: mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Miezi minne baadaye alirudi kazini. Mkono wa kushoto ulijifunza kazi ya ndugu yake. Watu aliwasalimia kwa neno moja moja, akatabasamu kwa nusu ya mdomo. Mimi tu ndiye niliyepewa huduma kama mteja wa benki. Nikileta kikaratasi anakipokea, anasoma, analeta kitu, anakiweka kwenye kibao bila kuinua macho. Sikusemwa wala sikununiwa. Jamani, nilitamani anitukane.

Kilichonikaa moyoni ni kimoja tu: nataka shemeji yangu anirudie. Nikaamua kumwandikia barua ya kuomba radhi. Nilikaa nayo Jumapili nzima. Niliitaka barua yenye uzito, mtu akiishika aone imeandikwa na mtu mwenye haya. "Kwa unyenyekevu na majuto, naomba msamaha kwa utovu wa heshima niliouonesha, ambao umeujeruhi udugu na uaminifu wetu..." Ukurasa mzima ulikwenda hivyo. Hamkuwa na vitu ndani yake isipokuwa pale nilipotaja chai, mlango, na dada.

Nikampelekea Jumatatu. Mbele yangu kulikuwa na mama wa vanishi, fundi wetu wa kupaka rangi, ameleta kikaratasi chake. Shemeji akakisoma kwa sauti, bila kukwama: "Brashi. Vanishi. Gundi." Zamu yangu ikafika, nikampa barua. Akaifungua. Midomo ikacheza. Akaisogeza karibu, akaipeleka mbali, kisha akanirudishia.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi nini, shemeji?"

"Soma. Siwezi."

Wewe ungeamini? Mtu kasoma vanishi sasa hivi, mbele ya macho yangu! Nikaitupa barua juu ya kibao nikaondoka. Moyoni nikasema: huyu anasoma anachokitaka. Kumbe msamaha wangu ndio haufai hata kusomwa.

Wiki tano nikalichemsha jambo hilo tumboni. Tena nikawa nakusanya ushahidi kama mpelelezi. Niliona kwamba ukimwandikia kitasa, mara nyingine anakuja na ufunguo. Ukimwandikia msumeno anafika na randa, anaitazama mkononi, anatikisa kichwa, anarudi. Wenzangu walisema ni uzee. Mimi nikasema ni jeuri. Mtu asiyejua kusoma angeleta kitu chochote, ndoo au ngazi. Huyu analeta jirani wa kitu ulichoomba! Maana yake neno amelielewa, anatuchezea tu.

Ndiyo ikafika siku yangu ya ujinga. Ilikuwa wakati wa chai, na meneja alikuwa amekuja kukagua milango ya shule fulani. Nikasimamisha ubao wa plaiwudi ukutani, nikachukua chaki.

"Shemeji!" nikaita. "Toka humo kizimbani, njoo tucheze."

Akatoka. Na hapa ndipo ninapokunja uso hadi leo nikikumbuka: alitabasamu. Baada ya miezi yote ile aliniangalia usoni. Alidhani nimeurudisha utani wetu wa zamani, kwamba hiyo ndiyo njia yangu ya kugonga mlango.

Nikaandika: PATASI.

"Patasi," akasema.

NGAMIA. "Ngamia." Mafundi wakapiga makofi. JENEZA. "Jeneza."

"Polepole na hilo, Bwana Stoo," mama wa vanishi akasema, "ukiliita kwa nguvu litaitika."

Wakacheka, naye akacheka nusu yake. Nikaandika KITASA. Akalitazama.

"Ufunguo."

"Karibu!" mtu mmoja akapaza sauti. "Uko mlango huohuo!"

Nikaandika BALI. Akanyamaza. Nikaandika KWA. Akanyamaza. Akaweka kidole cha kushoto chini ya neno kama mtu anayepapasa mwiba. Nikaandika HESHIMA. Nikaandika MSAMAHA, kwa herufi kubwa kuliko zote, nikalipigia mstari.

Jasho lilimtoka kwenye paji. Akaliangalia neno, akaniangalia mimi, akarudi kwenye neno. Tabasamu lilishaondoka na hakujua aliweke wapi hilo jina la kitu asichokiona.

Nami sikukoma. Nikawageukia watu kama mwanasheria: "Mmeona? Neno la herufi tatu linamshinda, jeneza lenye sita analisoma kama sala! Huu ugonjwa gani? Huu ni ugonjwa wa kuchagua!"

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alikung'uta maranda kwenye suruali ambayo haikuwa na maranda. Meneja akakohoa, kikohozi kilekile ninachokiiga, akasogea na hati ya mzigo wa mbao uliofika asubuhi.

"Mzee, hebu nisomee hapa chini. Masharti ya kupokea."

Shemeji akashika karatasi. "Mbao," akasema. "Lori." Akashuka na kidole mstari mzima. "Lori," akarudia.

"Na haya mengine?"

Kidole kikabaki palepale.

"Miezi yote hii mizigo unaipokeaje?" meneja akauliza, na hakuuliza kwa ubaya, ndiyo maana iliuma zaidi. "Naomba funguo kwanza. Tutaona."

Shemeji akautoa mshipi wa funguo kiunoni kwa mkono wake mmoja. Ulichukua muda. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akauweka juu ya meza ya kupigia randa, akavaa kofia yake, akaenda zake. Mimi nilikuwa bado nimeshika chaki.

Kesho yake, kabla ya king'ora, dada alinisubiri getini.

"Omba ruhusa. Tunaenda hospitali."

"Nani mgonjwa?"

"Wewe."

Sikubisha. Shemeji alikuwa amesimama pembeni, anatazama barabara. Tulikwenda watu watatu.

Chumba kilikuwa kidogo: kompyuta, kabati la kadi, na meza inayoyumba. Fundi ni fundi hata akiwa na aibu, nikakunja karatasi nikaiweka chini ya mguu mfupi wa meza. Mtaalamu alikuwa binti mwenye miwani, mmoja wa wale wanaowafundisha wagonjwa kusema na kusoma upya. Dada akamsimulia yote, ubao, chaki, funguo. Hakunipunguzia hata nukta. Binti yule akanitazama kama mtu anayetazama mlango uliopigiliwa upande wa ndani nje.

"Kwa hiyo, kaka, ulidhani anachagua?"

"Anasoma jeneza, daktari. Anashindwa na kwa."

"Mimi si daktari. Hebu funga macho. Jeneza. Umeona nini?"

"Jeneza."

"Kwa. Umeona nini?"

Nikanyamaza.

"Ndivyo," akasema. "Ubongo una nusu mbili. Kwa watu wengi nusu ya kushoto ndiyo inayobeba kazi kubwa ya lugha. Inajua majina ya vitu, na inajua pia hayo mengine yasiyo na sura: bali, kwa, heshima, sababu. Mzee ameumia kushoto. Tunachodhani, na wapo wenzetu wanaobisha, ni kwamba sasa anasoma kwa kutegemea zaidi nusu ya kulia. Nayo inayatambua maneno ya vitu vinavyoonekana na kushikika. Tena huyatambua kwa maana zaidi kuliko kwa sauti, ndiyo sababu kitasa kinaweza kutoka kikiwa ufunguo. Hakudanganyi. Anakwambia alichokiona."

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Mimi nikasema: "Lakini maneno yote mbona yameandikwa kwa herufi zilezile? Mimi ningeona."

"Kaa hapa," binti akasema.

Akanikalisha mbele ya kompyuta. Nikaambiwa nikazie macho nukta nyeusi katikati, nisiyahamishe. Maneno yatapita kushoto au kulia ya nukta, haraka kuliko kupepesa jicho, nikilikamata nilitaje. Yanayopita kushoto, alisema, hufika kwanza kwenye nusu ya kulia ya ubongo.

Kulia nilikuwa simba. Meza! Wajibu! Paka! Sababu! Nikaanza kujisikia. Kisha yakaanza kupita kushoto. Kijiko nikakikamata. Kiatu nikakikamata. Likapita moja, nikaona kitu cheupe tu. Likapita jingine.

"Umesoma nini?"

"Hakukuwa na kitu."

"Kulikuwa na uhuru. Kabla yake kulikuwa na imani."

"Rudia."

Akarudia na mengine. Mbuzi nilimwona. Wema haukupita, naapa, ungeniambia kompyuta imezimika ningekubali. Mtu mzima, damu haijamwagika kichwani, nimekodolea kioo macho kama chura na nashindwa kusoma wema.

"Usiende kuwatangazia watu kwamba nusu moja ya kichwa chako haijasoma," binti akasema. "Wengine wamefanya jaribio hili na tofauti hawakuiona sana. Ila leo umeionja kidogo. Mzee yuko humo kila siku, na kwake si kidogo."

Nikageuka kumtazama shemeji. Alikuwa ameyaona yote, jasho langu na ubishi wangu. Alikuwa na kila haki ya kucheka. Mimi ningekuwa yeye ningecheka mpaka watu wa nyumbani wapigiwe simu waje kunichukua. Hakucheka. Alitazama pembeni, ili niwe na nafasi ya kufuta uso.

Nilidhani aibu imefika mwisho. Dada akafungua mkoba.

"Mwonyeshe," akamwambia mumewe.

Shemeji akasita, kisha akaitoa mwenyewe kwenye ule mkoba. Barua yangu. Imekunjwa na kukunjuliwa hadi mikunjo imetoboka, na dada ameishika kwa utepe nyuma.

"Kila Jumatano anakuja nayo hapa," binti akasema. "Hilo ndilo somo alilolichagua. Nilimpa hadithi fupi, akakataa. Anataka hii."

"Nilimwambia nimsomee," dada akasema. "Hataki. Anaikumbatia tu, 'Yangu, yangu.'"

Nikaichukua. Ukurasa mzima wa unyenyekevu, majuto, udugu, uaminifu, na katika ukurasa huo mzima palikuwa na mistari mitatu ya penseli, imepigwa kwa mkono wa kushoto, chini ya maneno aliyoyapata peke yake katika wiki tano. Chai. Mlango. Dada.

Wiki hizo tano nilizokuwa nampeleleza, yeye alikuwa akichimba humo ananitafuta. Kati ya vitu vyote, alivyovikuta ni kile kikombe cha chai nilichomchekeshea watu, na mlango aliosimama akiniona.

Sikuwa na mzaha wowote mdomoni. Ni jambo la nadra kwangu, muulize yeyote.

Binti akatuandikia barua ya kumpa meneja, nami nikaomba niipeleke mwenyewe. Nikasimama mbele ya mafundi, wakati uleule wa chai, ubao ule bado uko ukutani. Nikasema Bwana Stoo hakumdanganya mtu, mwongo ni mimi niliyejifanya nafahamu. Nikaeleza habari za nusu mbili, nikavuruga kushoto na kulia, mama wa vanishi akanisahihisha. Meneja akasoma barua ya hospitali mara mbili, kisha akaagiza shemeji aitwe.

"Funguo zako, mzee," akamwambia. "Vikaratasi vyako endelea navyo. Ila hati za mizigo, mtu atakusomea kwa sauti, wewe utaamua. Kasuku yuko hapa, na nadhani atafanya kwa moyo."

Shemeji akafunga mshipi kiunoni. Akanitazama kwa muda. Kisha akamnyooshea kidole mama wa vanishi.

"Yeye," akasema.

Hakukasirika. Alisema kama anavyosema bawaba sita. Mafundi wakarudi kwenye kazi zao na mimi nikaenda kufuta ubao kwa kitambaa kilicholowa, nikianza na lile neno kubwa lililopigiwa mstari.

Jioni jua halijazama nikaenda kwao. Dada alikuwa anaanua nguo uani. Ndani nilisikia redio, na kiti cha shemeji kikilia. Kile kiti nilikitengeneza mimi, na nilishaahidi kukikaza.

"Dada, nimepata dawa," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Nitamwandikia barua nyingine. Safari hii hakuna majuto wala nini, naweka vitu tupu. Mdomo. Kikombe. Mate. Kofi. Mbwa. Mbwa ni mimi. Ataisoma yote peke yake bila msaada."

"Hm." Akakunja shuka.

"Si umemsikia yule binti? Vitu vinavyoonekana. Nikipanga vizuri anaelewa mpaka mwisho."

"Nimemsikia. Wewe je, umemsikia mume wangu? Kakataa nimsomee."

"Ndiyo maana nataka kumwandikia rahisi, aisome mwenyewe!"

"Amekataa nimsomee kwa sababu aliyemkosea si mimi, we mtoto. Masikio yake yako salama. Ukimwambia mvua inakuja, anaingiza viatu. Yuko hapo ndani, mlango uko wazi."

Nikautazama mlango. Ulikuwa wazi kweli.

"Dada, unanijua," nikasema. "Nikiona aibu mdomo wangu hutoa mzaha wenyewe. Nitaingia pale niharibu. Barua haiharibiki. Barua unaipanga, unaifuta, unaipanga tena. Nipe karatasi tu, hata ya daftari la watoto, na kalamu."

Dada akaliweka shuka juu ya kapu, akajifuta mikono.

"Kumwiga ulimwiga kwa mdomo," akasema. "Kumwomba radhi ndiyo utafute kalamu?"